Nyaya ghali za spika: Je, ni masikio au macho yanayosikia tofauti?

Na MWANDISHI WETU

MNAMO 2007, mwanamazingaombwe mashuhuri wa Marekani, James Randi, alitoa changamoto iliyozua gumzo kubwa miongoni mwa wapenzi wa muziki. Mtu ambaye angeweza kutambua kwa masikio pekee tofauti kati ya waya wa spika wa kifahari na waya wa bei nafuu angetia kibindoni dola milioni moja.

Waya wa kifahari uliozungumziwa uliitwa Anjou, na ulikuwa wa kampuni ya Pear Cable. Jozi moja ya urefu wa futi 12, yaani chini ya mita nne, iliuzwa kwa dola 7,250. Kwa fedha hizo mtu angeweza kununua spika nzuri, amplifaya nzuri, na bado abaki na chenji ya kununulia muziki wa kusikiliza miaka mingi.

Michael Fremer, mwandishi wa jarida la muziki na vyombo vya sauti la Stereophile, alijitokeza na kusema yuko tayari kujaribiwa. Hata hivyo, kampuni hiyo ilijiondoa, pande zilizosalia zikavutana kuhusu masharti na nyaya ambazo zingetumika, na jaribio lenyewe halikuwahi kufanyika. Zawadi hiyo, ambayo Randi aliitenga kwa yeyote atakayethibitisha jambo lisiloelezeka kisayansi, ilifungwa mwaka wa 2015 bila mtu kuinyakua. Randi mwenyewe alifariki mwaka wa 2020.

Mjadala huo haukuzikwa pamoja naye. Hadi leo kuna wanaoapa kwamba waya ghali huifanya sauti ya mwimbaji isikike kana kwamba amesimama sebuleni. Wapo pia wanaosema kuwa hayo ni mazingaombwe matupu, na kwamba waya wowote wa shaba utafanya kazi iyo hiyo.

Ukweli ni kwamba kila upande una chembe ya haki. Waya unaweza kuiharibu sauti, na jambo hilo linapimika. Lakini kinachoamua ni unene wa waya, urefu wake na namna ulivyofungwa. Bei haimo katika hesabu hiyo.

Kazi ya waya

Ili kuuelewa mzozo huu, yafaa kwanza tujue kazi inayofanywa na waya.

Amplifaya ni kifaa kinachopokea mawimbi hafifu ya umeme kutoka kwa redio, simu au kicheza santuri, na kuyapa nguvu. Umeme huo wenye nguvu husafiri kupitia nyaya mbili hadi kwenye spika. Ndani ya spika mna koili ndogo iliyozungukwa na sumaku. Umeme unapopita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma, nayo hutikisa koni. Koni husukuma hewa, na hewa hiyo ndiyo inayofika masikioni mwetu kama sauti.

Mtu mwenye masikio mazima husikia mitetemo kuanzia 20 hadi takriban 20,000 kwa sekunde. Kadiri umri unavyosonga, ndivyo kikomo cha juu kinavyoshuka.

Waya una tabia tatu zinazoweza kuathiri safari hiyo ya umeme. Ya kwanza ni ukinzani, yaani namna waya unavyouzuia umeme usipite kwa urahisi. Mfano wake ni mfereji wa maji: mfereji mwembamba na mrefu hupitisha maji kwa shida, ilhali mpana na mfupi huyapitisha bila taabu. Ukinzani hupimwa kwa kipimo kinachoitwa omu.

Tabia ya pili ni ile ya nyaya mbili zilizolala sambamba kuhifadhi chaji kidogo baina yao. Ya tatu ni ile ya waya kuyapinga mabadiliko ya ghafla ya mkondo wa umeme. Tabia hizi mbili zina umuhimu mkubwa katika nyaya za simu za masafa marefu au za antena. Katika waya wa mita chache unaopitisha muziki, athari yake kwa kawaida ni ndogo mno.

Baadhi ya wauzaji hutaja pia kwamba umeme wa mitetemo ya kasi hupenda kupita pembezoni mwa waya badala ya katikati. Hilo ni kweli. Hata hivyo, katika mitetemo 20,000 kwa sekunde, umeme bado hupenya shaba kwa karibu nusu milimita kutoka pembeni. Waya wa kawaida wa milimita mraba 1.5 hauna hata milimita moja kutoka pembeni hadi katikati. Kwa hivyo, sehemu kubwa ya waya huo ingali inatumika.

Hesabu haidanganyi

Tuchukue mfano wa sebule ambamo spika iko mita tano kutoka kwa amplifaya. Umeme huenda na kurudi, kwa hivyo urefu wa kuhesabiwa ni mita 10. Spika nyingi za nyumbani huandikwa kuwa za omu nane.

Ukitumia waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ambao mafundi wengi wa umeme huutumia kwenye soketi za ukutani, ukinzani wake wote utakuwa takriban omu 0.07. Nguvu itakayopotelea kwenye waya haitafika hata asilimia moja.

Ukitumia waya wa milimita mraba 0.5, ukinzani utapanda hadi omu 0.34 na hasara kufikia asilimia nne hivi. Waya mwembamba kama uzi, wa milimita mraba 0.2, ambao mara nyingi hutolewa bure pamoja na redio za bei ya chini, hupoteza karibu asilimia 10. Spika ikiwa ya omu nne, hasara hiyo hukaribia asilimia 18.

Isitoshe, hasara hiyo haigawanywi sawasawa. Spika inayoandikwa omu nane haibaki kwenye nane daima. Kwa noti fulani inaweza kushuka hadi nne, na kwa nyingine kupanda kupita 20. Waya wenye ukinzani mwingi utakula sehemu kubwa zaidi ya noti zile ambazo spika hushuka, na kuziacha nyingine karibu kama zilivyo. Ndiyo maana waya mwembamba hauishii kupunguza kiasi cha sauti tu, bali huweza kubadilisha mlio wenyewe.

Kwa hivyo, anayesema nyaya zote husikika sawa amekosea. Lakini tofauti iliyo kubwa ni kati ya waya mwembamba kupindukia na waya wa unene wa kutosha. Baada ya kuvuka mpaka huo, kuongeza fedha hakuongezi kitu kinachosikika.

Roger Russell, aliyewahi kuongoza utafiti wa sauti katika kampuni ya McIntosh ya Marekani, alipendekeza kanuni nyepesi: ukinzani wa waya wote usizidi asilimia tano ya omu zilizoandikwa kwenye spika. Kwa spika ya omu nane, waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unaweza kufika mita 17 bila kuvunja kanuni hiyo, na wa 2.5 unaweza kufika mita 29. Kwa spika ya omu nne, gawanya urefu huo kwa mbili. Ni sebule chache mno zinazohitaji zaidi ya hapo.

Fedha na dhahabu

Wauzaji wa nyaya za kifahari hupenda kutaja madini ya thamani. Hapa pia yafaa mnunuzi ajue mbivu na mbichi.

Madini ya fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, lakini kwa kadiri ya asilimia sita tu hivi. Manufaa hayo yanaweza kupatikana kwa kununua waya wa shaba ulio mnene kidogo zaidi, kwa bei ambayo haikaribii hata kidogo ile ya fedha.

Dhahabu nayo ina ukinzani mkubwa kuliko shaba. Inapakwa kwenye plagi kwa sababu haishiki kutu wala kufifia, jambo ambalo ni la manufaa hasa katika maeneo yenye unyevu na chumvi, kama vile miji ya mwambao. Lakini haiongezi utamu wowote kwenye muziki. Kweli wahenga walinena, vyote ving'aavyo si dhahabu, na hata dhahabu yenyewe ina mahali pake.

Ipo pia shaba iliyosafishwa hadi ikaondolewa oksijeni. Uwezo wake wa kupitisha umeme huizidi shaba ya kawaida ya nyaya kwa takriban asilimia moja. Mnunuzi atapata zaidi ya hapo akiukata waya wake ukawa mfupi kwa nusu mita.

Mjadala ulikoanzia

Zamani hakukuwa na mzozo. Watu walitumia waya uleule wa taa ya mezani, na spika zao zikanguruma.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya sabini. Noel Lee, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, na ambaye pia alikuwa mpiga ngoma, alijaribu nyaya za unene mbalimbali nyumbani kwake. Alishawishika kwamba nyaya nene zilitoa sauti bora kuliko zile nyembamba. Mnamo 1979 alianzisha kampuni ya Monster Cable, ambayo iliigeuza bidhaa iliyokuwa ikitupwa bure ndani ya katoni kuwa biashara ya mamilioni ya dola.

Lee alikuwa na hoja kuhusu unene. Swali lililofuata lilikuwa iwapo waya wake uliushinda waya wa kawaida wa unene wa kadiri.

Mnamo Agosti 1983, jarida la Stereo Review la Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio lililoongozwa na Laurence Greenhill. Wasikilizaji 11 walilinganisha waya wa Monster, waya wa taa wa unene wa wastani, na waya mwembamba sana, bila kujua ni upi uliokuwa ukitumika kwa wakati wowote.

Waya ule mwembamba ulijifichua, hasa ulipopitisha mvumo mfululizo unaofanana na mlio wa mvua kubwa, ambao wataalamu huutumia kupimia vyombo. Lakini ulipochezwa muziki, wasikilizaji hawakuweza kuutenganisha waya wa Monster na ule wa taa.

Mnamo 1991, mhandisi Fred Davis alichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, vipimo vya nyaya 12 zilizounganishwa na amplifaya na spika halisi. Alipata tofauti zinazopimika baina yazo. Hata hivyo, alihitimisha kuwa waya wa kawaida wa takriban milimita mraba 3.3 watosha na kusaza, hata kwa mitambo yenye mahitaji makubwa, maadamu urefu wake ni wa kadiri.

Ikumbukwe kwamba baadhi ya nyaya za kifahari zimewahi kuleta madhara. Kuna zilizosukwa kwa nyuzi nyingi kwa namna iliyozifanya zihifadhi chaji nyingi kupita kawaida. Baadhi ya amplifaya, zilipofungwa kwenye nyaya hizo, zilianza kutetemeka ndani kwa ndani hata kuungua. Kwa hivyo, tofauti ilikuwapo, ila ilikuwa ya shari.

Mbona basi wanasikia tofauti?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Wanaosema wanasikia tofauti si waongo. Wengi wao ni watu waungwana wenye masikio mazoefu, na wanachokieleza wanakisikia kweli. Swali ni kimetoka wapi.

Kwanza, masikio hayafanyi kazi peke yake. Ubongo huchanganya kile yanachokisikia na kile macho yanachokiona, pamoja na kile mtu anachokitarajia.

Mnamo 2008, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu mvinyo. Watu 20 walionjeshwa mvinyo huku ubongo wao ukipigwa picha kwa mashine. Bila wao kujua, mvinyo uleule ulitolewa mara mbili, mara moja ukitajwa kuwa wa dola 10 na mara nyingine wa dola 90. Walisema ule wa bei ya juu ni mtamu zaidi. La kushangaza ni kwamba hata sehemu ya ubongo inayohusika na raha ilichangamka zaidi. Raha yao ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa imetoka kwenye bei.

Pili, sauti ikizidi kidogo tu kwa nguvu, sikio huihesabu kuwa bora zaidi, wala haitambui kuwa ni nguvu tu zilizoongezeka. Ndiyo sababu wataalamu, kabla ya kulinganisha vyombo viwili, huhakikisha kuwa viwango vyao havipishani zaidi ya desibeli 0.1. Duka lisilofanya hivyo laweza kukuuzia sauti kubwa kwa jina la sauti safi.

Tatu, mtu anayebadilisha waya huinuka, akaenda nyuma ya spika, kisha akarudi kukaa. Ni nadra kichwa chake kurejea mahali palepale. Wimbi la mitetemo 10,000 kwa sekunde lina urefu wa sentimita tatu na nusu hivi hewani. Kichwa kikisogea kiasi hicho tu, mchanganyiko wa mawimbi yanayotoka kwenye spika na yale yanayorudi kutoka ukutani hubadilika. Alichokisikia ni tofauti ya kweli, ila haikuletwa na waya.

Nne, katika kuuchomoa waya wa zamani na kuuchomeka mpya, mtu huondoa kutu na vumbi vilivyokuwa vimejikusanya kwenye viungio. Huenda waya wa zamani nao ungesikika vizuri zaidi lau ungechomolewa, ukasafishwa na kurudishwa.

Utetezi wa wakereketwa

Wapenzi wa nyaya ghali wana majibu yao, na haki yadai wasikizwe.

Wanasema kuwa vipimo haviwezi kunasa kila kitu ambacho sikio hulinasa. Wanasema pia kuwa mtu anayejaribiwa huwa na wasiwasi, na kwamba dakika chache hazitoshi kuifahamu sauti ambayo kuizoea huchukua wiki nzima. Aidha, hudai kuwa tofauti hizo hujitokeza tu kwenye mitambo ya hali ya juu.

Hoja hizo zina majibu pia. Jaribio la haki halimzuii mtu kusikiliza kwa mwezi mzima, nyumbani kwake, kwa mtambo wake na muziki aupendao. Linamnyima jambo moja tu: kujua ni waya upi uliofungwa. Ikiwa tofauti hutoweka pindi ujuzi huo unapoondolewa, basi tofauti hiyo ilikuwa katika ujuzi, haikuwa katika waya.

Ni kweli vilevile kwamba kukosa kuthibitisha jambo si sawa na kuthibitisha kuwa halipo. Lakini anayeuza waya kwa maelfu ya dola ndiye mwenye jukumu la kuonyesha kwamba unafanya anachodai unafanya. Mnunuzi hana deni la kumthibitishia chochote.

Na kuna la ziada. Mtu akiwa na uwezo, na waya wenye ganda la kupendeza ukimpa furaha kama vile saa ya thamani humpa mwingine, hakuna wa kumlaumu. Kosa huanzia pale anayebana matumizi ya nyumbani anapoambiwa kwamba bila waya huo hajausikia muziki.

Kamati ya kanisa na mfuko wa harambee

Msomaji wa hapa nchini aweza kusema kuwa haya ni mambo ya matajiri wa ng'ambo. Sivyo. Chukulia kamati ya kanisa au ya shule inayochanga fedha kwa harambee ili inunue mtambo wa sauti. Kila shilingi imetoka kwa mtu aliyejinyima. Kamati hiyo inaweza kupotea njia mara mbili: kwa kununua waya wa kifahari usiohitajika, au kwa kununua waya mwembamba usiofaa.

Kosa la pili ndilo la kuogopwa zaidi. Tuseme spika ziko uwanjani, mita 50 kutoka kwa amplifaya. Spika mbili za omu nane zimefungwa pamoja kwa namna inayozifanya ziwe sawa na omu nne. Kwa waya wa milimita mraba 1.5, zaidi ya asilimia 22 ya nguvu itapotelea njiani. Kamati itadhani amplifaya ni dhaifu na kuchanga tena inunue nyingine, kumbe tatizo ni waya.

Tiba yake si waya wa dola elfu saba. Ni ama kutumia waya mnene zaidi, ama kuisogeza amplifaya karibu na spika, ama kutumia mtambo wa volti 100 uliotengenezewa kazi hiyo. Katika mtambo wa namna hii, volti hupandishwa ili mkondo wa umeme uwe mdogo, kisha kila spika huwa na transfoma yake ya kuzishusha. Kwa mzigo wa wati 100 na waya uleule wa mita 50, hasara hushuka hadi karibu asilimia moja.

Jambo jingine la kuangaliwa ni waya wenyewe umetengenezwa kwa nini. Sokoni mna nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje tu. Ukinzani wa alumini ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, kwa hivyo waya wa namna hiyo unaoonekana mnene hufanya kazi ya waya mwembamba. Omba kukwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa na rangi ya shaba kwa nje na weupe kwa ndani, hiyo ni alumini. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo huwa nyeupe kwa nje na nyekundu kwa ndani.

Unapofunga nyaya, hakikisha upande wa kujumlisha wa amplifaya umeunganishwa na upande wa kujumlisha wa spika, na wa kutoa vivyo hivyo, kwa spika zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, zitakuwa zikivutana: moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta, na besi hupotea. Kosa hilo huharibu sauti kuliko waya wowote mbaya, na kulirekebisha hakugharimu hata senti.

Vilevile, hakikisha hakuna unyuzi uliochomoza ukagusa wa pili, maana waweza kuiunguza amplifaya. Kaza viungio, na uvisafishe mara moja moja.

Fedha zitakazosalia zitumie kwenye spika zenyewe na kwenye chumba. Spika moja na nyingine zaweza kupishana kwa desibeli kadhaa katika noti mbalimbali, na chumba chenye kuta tupu chaweza kuleta mapishano makubwa kuliko hayo. Nyaya mbili za unene wa kutosha hupishana kwa sehemu ndogo tu ya desibeli moja. Zulia sakafuni na mapazia mazito madirishani yatamfaa msikilizaji kuliko waya wa madini ya fedha.

Jaribio la shuka na sarafu

Je, ukiwa ungali na shaka? Hakuna haja ya kumwamini muuzaji, wala mwandishi wa makala haya. Unaweza kujijaribu mwenyewe.

Azima waya ghali kutoka kwa rafiki au duka linaloruhusu kurejesha bidhaa. Tafuta waya wa kawaida wa urefu na unene unaolingana nao. Tundika shuka mbele ya amplifaya na mwombe mtu aketi nyuma yake. Kabla ya kila zamu arushe sarafu: ikianguka kichwa, afunge waya ghali, ikianguka upande wa pili, afunge wa kawaida. Kila zamu achomoe na kuchomeka, hata kama waya haubadiliki, ili usikisie kutokana na kelele. Asiseme neno, na asiguse kitufe cha kiwango cha sauti.

Wewe sikiliza wimbo unaoujua vyema, kwa muda wowote utakao, kisha uandike jibu lako. Fanyeni hivyo mara 16, halafu mlinganishe karatasi zenu.

Anayebahatisha atapata takriban nane. Ukipata 12 au zaidi, una jambo la kujivunia, kwa sababu kubahatisha hufikisha idadi hiyo chini ya mara nne katika kila majaribio 100. Lirudie siku nyingine, na ukifaulu tena, waya huo una tofauti masikioni mwako, nawe una haki ya kuutaka.

Ukipata saba, nane au tisa, hujashindwa na yeyote. Umejua kitu ambacho wengi wamelipa maelfu ya dola bila kukijua. Urudishe waya dukani.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Katika suala la nyaya za spika, huenda hilo ndilo tatizo lenyewe, na shuka iliyotundikwa kwa jioni moja ni dawa tosha.